Nane Toa Tatu, Toa Tatu

Daftari hili ni langu, Placide, wa chumba cha mashini, ofisi ya posho, Likasi. Mwaka 1986. Kama umeliokota, soma tu, lakini ukae vizuri kwanza. Linaandikwa na muntu wa akili.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimetengeneza kitu ambacho hata mainjenia hawakukitengeneza. Acha nieleze pole pole, maana si kila muntu amezaliwa na kichwa kama changu.

Ofisi yetu inapanga unga wa familia za wafanyakazi. Kila mwezi shefu Dominique anaandika swali kwa kalamu: nyumba hii ina watu wangapi, wapewe kilo ngapi. Mama Mathilde, karani wetu, analiandika swali lile kwenye ekrani, kioo cha mashini. Halafu inaingia kazi ya Mupangaji. Mupangaji si muntu. Ni programu aliyoijenga injenia Adrien: inalishika swali, inalinyoosha, inalichapa kwenye karatasi kwa mistari mizuri. Shefu anatia sahihi, na mashini kubwa inajibu lile lililochapwa, si lingine.

Injenia Adrien amekwenda Kinshasa kusoma mwaka mzima. Aliniachia faili ya programu kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa nabaki kazini naye baada ya saa. Akaniambia, "Placide, angalia tu, usiguse."

Nimegusa. Mupangaji alikuwa na tabia ya kutia mabano kila mahali, yale ambayo Wafaransa wanaita parenthèses. Hata WATU mara KILO alikuwa anaichapa ((WATU) * (KILO)). Shefu alilalamika tangu mwaka jana: "Hii ni hesabu ao ni kitunga ya mayai?" Basi leo nimefuta mistari saba, na mayai yote ya kikapu kile yamekwisha. Karatasi imetoka safi kama shati ya Jumapili. Shefu akasema mbele ya wote, "Ça, c'est du travail! Hiyo njo kazi!"

Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari. Mimi na mwalimu wa hesabu tulichokana. Yeye alichoka kwanza.

Jumanne, 9 Septemba

Shefu amenisifu tena. Nimeandika ili isisahaulike.

Jumamosi, 20 Septemba

Salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Tumefyeka majani mbele ya ofisi. Mama Mathilde alifyeka kushinda mimi, halafu akanishikia panga langu na kuuliza kama ni la kukata mkate. Ana miaka hamsini na miwili na ulimi wa msichana wa kumi na nane. Kazini ni mzee wa taratibu: anaandika kwa vidole vyote kumi lakini anasoma kila neno mara mbili. Nimemwambia kwamba mvua itanyesha na kukauka kabla hajamaliza mstari. Akasema, "Weye mutoto, kinywa yako iko mbio kuliko mikono."

Ijumaa, 3 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Kamatanda, yanatutazama, yanarudi kwao.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo niliona jambo.

Saa mbili asubuhi mlango ulifunguka, akaingia mama Alphonsine, mke wa fundi wa reli, na mfuko mdogo wa unga kichwani. Aliuweka juu ya meza ya shefu, juu ya karatasi zake.

"Citoyen chef, mashini yenu inasema niko na bantu mbili kwa nyumba. Minye niko na nane. Unisaidie kuchagua. Ile sita ya kutupa, ni banani?"

Shefu akasema ngojea mama, labda ni kosa moja. Kabla ya saa sita wamefika wanane wengine. Nyumba tisa. Na wote ni wale ambao watoto wao walikwenda likizo mwezi wa saba kwa bibi zao, wakarudi kwa masomo mwezi wa tisa.

Nilikwenda kuchukua karatasi ya mwezi huu. Shefu alikuwa ameandika kwa kalamu:

WATU - (WALIOKWENDA - WALIORUDI)

Yaani kwanza tafuta waliokwenda wasirudi, halafu hao ndio uwatoe. Nyumba ya watu nane, wakaenda watatu, wakarudi watatu: hakuna aliyekosekana, nane inabaki nane. Lakini karatasi iliyochapwa inasema:

WATU - WALIOKWENDA - WALIORUDI

Nane toa tatu, toa tatu. Mbili. Mtoto aliyekwenda na kurudi ametolewa mara mbili: mara ya kwanza kwa kuondoka, mara ya pili kwa kurudi nyumbani.

Mabano hayako. Na mabano, nani aliyafuta?

Nilimpa shefu karatasi. Aliisoma. Alimwita mama Mathilde mbele ya watu wote.

"Citoyenne, mabano yangu iko wapi?"

"Niliandika mabano, chef. Hii mikono iko inaandika miaka kumi na ine."

"Basi mashini ilikula?"

"Mi sijue kama ilikula. Mi najua niliandika."

"Umezeeka, mama," akasema shefu. "Macho imechoka."

Mama Mathilde akavaa miwani yake, akarudi kwenye ekrani, akaendelea na kazi. Mimi niliangalia kalenda ukutani kana kwamba sijawahi kuona kalenda.

Jumanne, 14 Oktoba

Nitasema kesho.

Jumatano, 15 Oktoba

Nitasema baada ya kutengeneza. Muntu wa akili hasemi kosa mikono mitupu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua! Ya kwanza. Ilipiga mabati ya kanisa mpaka padri akaacha mahubiri katikati, na hakuna aliyemuomba aendelee. Kila muntu alitoka nje akilowa kwa kupenda. Mimi nilicheza barabarani na dada zangu mapasa, waliozaliwa siku moja, tukaanguka kwenye matope wote watatu. Mama alitupiga wote watatu, mimi mwenye miaka kumi na tisa nikiwa wa kwanza.

Jumatatu, 3 Novemba

Wale wadudu wa mvua wenye mabawa wameingia ndani ya mashini ya kuchapa. Orodha ya vifaa imetoka na mabawa. Mama Mathilde aliwafagia, akawakaanga kwenye kikaango alichokiazima kwa mlinzi, tukala ofisini. Alinipa sehemu kubwa. Niliona haya, lakini si haya ya kuniacha nisile.

Ijumaa, 7 Novemba

Wiki hii nimejaribu njia ya uvivu. Nimerudisha mistari yote saba kama injenia alivyoiandika. Nikasema basi, mayai yatarudi, lakini hesabu itakuwa ya kweli, kimya kimya, na dunia itasahau.

Swali la Novemba likatoka:

(((WATU) - ((WALIOKWENDA) - (WALIORUDI))) * (KILO))

Shefu aliinua karatasi kwenye dirisha kama muntu anayetafuta fedha bandia. "Kitunga ya mayai imerudia! Mathilde! Mwezi ule ulikula mabano, mwezi huu unayatapika?"

Nilifungua kinywa. Nikakifunga.

Shefu akakataa kutia sahihi. Orodha ya Novemba waliifanya kwa penseli, yeye na mama Mathilde, siku tatu, nyumba baada ya nyumba. Ilitoka sawa. Lakini akamwambia, na mimi nasikia: "Ya Desemba itatoka kwa mashini. Karatasi safi, hesabu ya kweli. Ikikosa, utakwenda Kakontwe, stoo ya mawe, kuandika étiquettes ya kubandika kwa magunia."

Kakontwe ni vumbi la chokaa tupu. Mama Mathilde ana kifua kibaya. Kila muntu ofisini anajua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekaa na faili ya injenia siku nzima. Mama yangu aliuliza kama naumwa, maana sijajisifu tangu asubuhi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeelewa nusu. Nusu kwangu ni kama nzima kwa wengine.

Ndani ya mashini, hesabu haikai kwa mstari. Inakaa kama familia: alama moja juu, na chini yake watoto wawili, wa kushoto na wa kulia, na hao nao wana watoto. Humo ndani hakuna haja ya mabano, kila muntu anajua baba yake ni nani. Ni ukiitoa nje, ukiilaza kwenye karatasi kwa mstari mmoja, ndipo undugu unapotea. Mabano ndiyo yanayoulinda. Ukiyatia yote, hakuna anayeweza kusoma. Ukiyafuta yote, umeharibu nyumba za watu. Lazima uyatie pale tu yanapotakiwa.

Na yanatakiwa wapi? Kuna wakubwa na wadogo. Alama ya mara na ya kugawa ni wakubwa, zinafanya kazi kwanza. Ya kujumlisha na ya kutoa ni wadogo. Mdogo akiwa chini ya mkubwa, mtie mabano, la sivyo mkubwa atamnyang'anya namba yake. Mkubwa akiwa chini ya mdogo, mwache, atajilinda.

Nimeandika hivyo. Nimejaribu. (WATU - WAGENI) * KILO imetoka vizuri na mabano yake. Nikaruka juu.

Halafu nikajaribu lile la Oktoba. Nane toa tatu, toa tatu. Mabano hayako! Kutoa chini ya kutoa: hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Programu yangu imewaona wako sawa, ikawaacha.

Umeme umekatika. Radi imepiga laini ya Koni, kule umeme wetu unakotoka. Vizuri, hata mimi nimekatika.

Ijumaa, 14 Novemba

Shefu ameuliza mbele ya wote, "Placide, juu ya nini siku hizi unanyamaza?" Mama Mathilde akasema, "Mumuache, chef. Iko nakomaa." Wote wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Jumapili, 23 Novemba

NIMEPATA. Na nimepata kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, mbele ya samaki.

Baba yangu alitoka Kasai, na kwetu mapasa wana majina yao yaliyopangwa: aliyetoka kwanza ni Mbuyi, aliyemfuata ni Kabanga. Kanisani wanaitwa Élise na Emérance, lakini nyumbani ni Mbuyi na Kabanga. Wana miaka sita. Wako sawa kwa kila kitu: ukinunua nguo ni mbili, ukipiga kofi ni mbili. Lakini wakati wa kula, mama anaanza na Mbuyi, halafu Kabanga. Hakuna anayeuliza. Njo vile balikuya, ndivyo walivyozaliwa.

Leo Kabanga alisimama. "Leo minye kwanza!"

Baba akacheka. Mama akasema, "Ukitaka kwanza, kuya kwa magoti yangu, ndugu yako aone." Akampakata, akamlisha. Mbuyi akaona, akangoja, hakulia. Siku wanapokula kwa utaratibu wao, hakuna haja ya kumpakata yeyote.

Niliacha tonge hewani.

Kutoa na kutoa ni mapasa! Wako sawa, lakini wa kushoto ndiye Mbuyi, mashini inaanza naye bila kuambiwa. Basi wa kushoto hahitaji mabano kamwe. Wa kulia, Kabanga, akitakiwa kwenda kwanza, lazima apakatwe kwa mabano, la sivyo atangoja zamu na hesabu itaharibika. Kujumlisha na kutoa ni mapasa wa tumbo moja. Mara na kugawa, mapasa wa tumbo lingine.

Nilisimama nikapiga kelele, "Kabanga, weye ni profesa!" Akaniambia nikae, nammwagia mchuzi.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeandika mistari minne. Imetoka:

(WATU - (WALIOKWENDA - WALIORUDI)) * KILO

Mabano mawili. Si mayai, si uchi. Nane ikabaki nane. Nimeichapa mara sita kwa raha tu.

Jumatano, 3 Desemba

Ibilisi mwingine, mdogo lakini ana meno. Kuna nyumba ambazo stoo imeandikia kutoa-moja (-1) mahali pa waliopungua, maana yake amezaliwa mtoto: toa kutoa-moja, yaani ongeza mmoja. Mupangaji akazibandika alama mbili pamoja, --, na kwa mashini vistari viwili vilivyoshikana maana yake ni "haya ni maelezo tu, usiyasome". Ikanyamaza kuanzia hapo mpaka mwisho wa mstari. Mtoto amezaliwa, na mashini imeziba masikio!

Nimeacha nafasi kati ya vistari na kumpakata yule wa pili. Sasa inasoma WATU - (-1). Karibu duniani, mtoto.

Alhamisi, 11 Desemba

Kazi imekwisha. Nimejaribu maswali arobaini, yote sawa. Kesho orodha ya Desemba, ile ya Noeli, itatoka vizuri, mama Mathilde atabaki, na hakuna atakayejua. Nilikuja kazini nikipiga mluzi.

Nikamkuta anaandika kwenye mashini ya taipu. Nikachungulia begani ili nimtanie. Ilikuwa barua. "Citoyenne Mathilde, kuanzia tarehe 2 Januari, stoo ya Kakontwe..." Shefu hakungoja orodha ya Desemba. Na amempa yeye mwenyewe aiandike barua yake, kwa sababu ofisini hakuna mwingine anayeandika bila makosa.

Hakukosea hata koma moja. Alipofika mwisho aliisoma mara mbili, kama kawaida yake. Nilikuwa nacheka tabia ile. Leo nimeelewa: mwanamke anayesoma mara mbili hawezi kusahau mabano. Kila muntu mwenye macho angejua. Mimi nilijua hata bila macho.

Ijumaa, 12 Desemba

Andika, Placide, hata kama unacheka.

Niliingia kwa shefu saa moja na nusu. Alikuwa amevaa abacost mpya ya Noeli, ile suti yetu isiyo na tai, kalamu mkononi, barua mbele yake. Mama Mathilde alisimama kando, akingoja sahihi ili apige muhuri.

Nikasema, "Shefu, usitie sahihi. Mabano niliyafuta mimi."

Shefu akanitazama. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani!

"Weye? Programu ya injenia? Weye wa mwaka wa tatu? Placide, uko na roho muzuri, unataka kusaidia mama. Mais tu exagères, unazidisha."

"Ni mimi, shefu! Tarehe nane mwezi wa tisa. Mistari saba."

"Hata redio yako ulishindwa kuitengeneza."

Miaka miwili najisifu na hakuna anayeniamini; siku ya kusema aibu yangu, pia hawaniamini! Nilikasirika. Nikasema, "Kuya uone." Nikamshika shefu kwa mkono, Mungu anisamehe, nikamkalisha mbele ya ekrani.

"Mama Mathilde, andika swali la Oktoba. Pole pole. Shefu ahesabu mabano yako."

Akaliandika. Shefu akahesabu kwa kidole, mabano yako. Nikafuta kazi yangu mpya, nikaurudisha uchafu wangu wa Septemba, nikachapa. Karatasi ikatoka uchi: nane toa tatu, toa tatu. Kisha nikarudisha kazi mpya, nikachapa tena. Mabano yako, mahali pake.

"Vunja tena," akasema shefu.

Nikavunja.

"Tengeneza."

Nikatengeneza. Nikamweleza habari ya wakubwa na wadogo, ya Mbuyi na Kabanga. Yeye ni wa Kasai pia, alipiga meza. "Mapasa! Adrien mwenyewe hakufikiria mapasa!"

Halafu akaichukua karatasi ya Oktoba, akaitazama muda mrefu. Chini kuna sahihi yake, kubwa, yenye mkia.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa nyingine, "minye pia nilitia sahihi bila kusoma."

Akaichana barua vipande vinne. Mama Mathilde akaviokota, kwa sababu hapendi uchafu chini. Kisha akanigeukia. Nilifikiri atanisamehe. Alinizaba kofi moja safi, la kulia.

"Miezi mbili!" akasema. "Miezi mbili nilifikiri macho yangu inakufwa. Nilikwenda kwa mganga wa macho!"

Nilishika shavu. Iandikwe: 12 Desemba, Placide hakuwa na maneno.

Adhabu: nyumba tisa zilizopunjwa Oktoba, niwapelekee unga wao mimi mwenyewe, kwa pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, na niombe samahani mlango kwa mlango. Mama Mathilde atanisimamia.

Jumatatu, 15 Desemba

Orodha ya Noeli imetoka. Shefu aliisoma yote, kila mstari, ndipo akatia sahihi. Mama Mathilde aliisoma mara mbili. Mimi mara tatu.

Jumamosi, 20 Desemba

Mwili wote unauma, na nina furaha ya kijinga.

Magunia yalipakiwa, na mama Mathilde akapanda juu yake na mwavuli wake, akakaa kama waziri. Shefu mwenyewe alisukuma hatua ishirini za kwanza, na abacost yake ikawa nyeupe. Barabara za mtaa wa Kikula ni matope. Watoto walitufuata wakiimba, "Placide amekula unga! Placide amekula unga!" Wengine walisukuma, wengine walipanda, hivyo mzigo ulibaki uleule.

Mama Alphonsine aliniambia nipige magoti, nikapiga, kisha akasema alikuwa anatania, lakini nibaki hivyo kidogo kwa sababu napendeza. Nyumba ya nne walinipa maji. Ya sita walinipa jembe nimalizie mtaro wao.

Ya tisa iko mwisho kabisa, karibu na reli. Bibi mmoja na wajukuu wanne. Mtoto wake wa kiume yuko zamu mgodini. Akalikataa gunia.

"Karatasi inasema nilipokea," akasema. "Niliweka kidole. Nikipokea mara mbili, minye ni mwizi."

"Mwizi ni mimi, bibi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akaligusa gunia, akanigusa mimi kichwani, sijui alikuwa anapima kipi. Halafu akamwambia mjukuu mkubwa awashe moto. Tulikatazwa kuondoka. Alisonga bukari ya unga ule ule, na uyoga wa mvua wenye harufu mpaka barabarani.

Sufuria iliposhuka, bibi akasema, "Hesabu, nijue sahani."

Mjukuu mdogo akasimama na kidole chake. Alihesabu ndugu zake, akajihesabu, akahesabu bibi: tano. Akahesabu mama Mathilde: sita. Kidole kikafika kwangu, kikasimama.

"Na huyu?"

Wote wakanitazama. Mama Mathilde hakunisaidia, alikuwa anafuta miwani yake kwa kitenge.

"Na huyu," akasema bibi.

"Saba," akasema mtoto, akaenda kuleta sahani.

Nikanawa mikono.